Mwavi Unaofanana na Mkalati

Nimefanya kazi na miti karibu maisha yangu yote, na bado ipo inayonidanganya. Naanza na hilo, vijana wangu, msije mkadhani mtu akistaafu ndiyo amemaliza kujifunza.

Juzi tu nilikuwa Majengo kwa fundi seremala mmoja. Nilimsindikiza jirani yangu wa hapa Milanzi aliyekuwa akitafuta kitanda cha binti yake anayeolewa. Fundi akatutolea kitanda chekundu, kinang'aa mpaka unajiona sura. "Mninga mtupu huu, mama," akasema. Nikamwomba ruhusa, nikainama, nikakwangua kwa ukucha upande wa chini, pale ambapo brashi huwa haifiki. Chini ya ule wekundu palikuwa peupe kama ugali wa sembe. Nikanusa. Utomvu wa paini. Fundi akaniangalia, akaangalia kitanda, kisha akasema kwa adabu kubwa, "Shikamoo, bibi," ingawa tulikwisha kusalimiana mlangoni. Tukacheka wote watatu. Kusema kweli, kazi yake ya kupaka rangi ilikuwa nzuri, na kitanda cha paini si kibaya. Kibaya ni kukiita mninga.

Kwa hiyo mkitaka kujua ubao, angalieni pale fundi asipodhani mtaangalia: uvunguni, kwenye tundu la msumari, kwenye ncha iliyokatwa. Ncha ndiyo inayosema. Hapo mnaona vitundu vya mbao, mistari yake, uzito wake. Na pua zenu msizisahau. Watu husoma miti kwa macho tu, kama vile Mungu alikosea kutupa pua.

Aliyenifundisha kunusa alikuwa bosi wangu wa kwanza, Mzee Alfonsi, afisa misitu aliyezaliwa Wampembe kule ziwani. Alikuwa akisema amekimbilia milimani kwa sababu samaki hawana magome. Kila asubuhi ofisini alitoa jani mfukoni, akaliweka mezani karibu na birika, na hakuna aliyeruhusiwa kumimina chai mpaka jani litajwe jina na sababu ya jina hilo. Sababu ndiyo iliyotuchelewesha. Siku moja mwenzangu akasema kwa haraka, maana baridi ya Sumbawanga mnaijua, "Ni mtundu huo, mzee."

"Kwa nini ni mtundu?"

"Kwa sababu unafanana na mtundu."

Mzee Alfonsi akaweka mkono juu ya birika. "Mimi nafanana sana na kaka yangu," akasema. "Lakini shemeji yangu hajawahi kukosea."

Tulikunywa chai ya baridi mara nyingi sana. Mimi mwenyewe aliwahi kunipeleka kwenye uwanja wa misheni, akanionyesha mti mrefu wenye majani ya sindano, nami nikasema bila wasiwasi kwamba ni paini. Hakubisha. Alichuma kijisindano kimoja akakivuta polepole, kikaachana vipande vipande kwenye viungo, kama mtu anayechomoa kofia ndogo kutoka kofia nyingine. Ulikuwa mvinje. Sindano ya paini haina viungo, na ukiichomoa utaona imeshikamana na wenzake kwenye kijiala kimoja, mara nyingi tatu tatu kwenye mashamba yetu ya huku. Tangu siku hiyo, nikiona sindano sitaji kitu mpaka niivute.

Magome nayo yana mambo yake. Msijifunze gome kwa mti mmoja. Mti kijana una ngozi laini kama yenu, mzee ana ngozi kama yangu, na ni mti uleule. Mninga ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na kila anayejifunza hutamani kuukata aone. Mzee Alfonsi alitukataza. Alitwambia tuuzunguke kwanza, hatutakosa jeraha la zamani ambalo mtu mwingine ameshalifanya. "Msimkate mtu ili mumuulize jina," alisema.

Siku hizi mna simu. Mjukuu wangu ameniwekea moja inayotaja jina la mti ukiupiga picha. Siidharau. Mara ya kwanza iliuita mtundu wa milima ya Mbizi jina la mti wa Amerika ya Kusini, mara ya pili ikapatia. Lakini nimeona kitu: ikishindwa, inakuomba picha ya gome, halafu ya ua, halafu ya tunda. Nikamwambia mjukuu wangu, hii simu imefundishwa na Mzee Alfonsi.

Sasa niwasimulie kilichotokea kijiji kimoja kule ukingoni, ambako nyika ya Ufipa inaishia na miombo inaanza kushuka kuelekea bonde la Rukwa. Wakati huo watu walikwisha kuzoea kuniita Bibi Miti. Nilikuwa nimekwenda kukagua kitalu cha miche, na nilipanda pikipiki moja na bwana mifugo, ambaye alikuwa ameitwa kijijini hapo kwa habari za ng'ombe wanaokufa.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Nyasi zote zilikuwa zimekauka au zimeungua, lakini kule msituni miti ilikuwa imeshaanza kuchipua kabla ya mvua, kama ifanyavyo kila mwaka, majani mororo, mengine mekundu, mengine ya kijani kibichi.

Hapo kijijini alikuwapo mkulima mmoja, Mzee Gaudensi. Mtu wa kanisa, mtu wa mahindi na ulezi, mwenye hasira za karibu. Alikuwa na mkewe, Mama Skola, na bustani ya kabichi bondeni waliyoimwagilia kwa ndoo. Jirani yao upande wa msitu alikuwa Mabula, Msukuma aliyehamia na familia yake na mifugo yake kutoka kanda ya ziwa. Wiki ile ng'ombe wa Mabula waliingia kwenye bustani na kuzikanyaga kabichi karibu zote. Gaudensi alisimama njia panda, mbele ya watu wanaotoka kuteka maji, akapaza sauti: "Wakirudi tena kwangu, hawatatoka wazima!"

Haukupita muda ng'ombe wakaanza kufa. Wa kwanza alianguka akienda mtoni, akahema kwa nguvu, akanyoosha miguu. Kabla hawajamaliza kumshangaa, akaanguka mwingine. Maksai wawili wa jembe walikufa wakiwa wamesimama karibu na zizi, yaani walisimama, wakayumba, wakalala, basi.

Tulipofika ofisi ya kijiji tulikuta watu wamejaa. Mabula na ndugu zake walisimama upande mmoja na fimbo zao. Mzee Gaudensi alikaa kwenye benchi peke yake, mikono katikati ya magoti. Mama Skola alikuwa nje dirishani, kanga mdomoni.

"Bwana mifugo," mwenyekiti wa kijiji akasema, "umechelewa. Mwenyewe amekubali."

"Amekubali nini?"

Gaudensi akajibu bila kuinua kichwa. "Ni mimi. Niliwawekea sumu. Mwiteni polisi. Ila mke wangu aende nyumbani, hahusiki."

Bwana mifugo alikuwa kijana mtaratibu. Akavuta kiti, akakaa karibu yake. "Sumu gani, mzee?"

"Dawa. Hii ya kabichi."

"Uliiweka kwenye nini?"

"Huko."

"Huko wapi?"

Mzee akaashiria ukutani kwa kidevu. Bwana mifugo akaniinamia sikioni: "Huyu hajui hata alichokiweka."

Mabula alimsikia akinong'ona, ingawa sidhani kama aliyasikia maneno. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwa mfugaji, ng'ombe si nyama. Wale maksai walikuwa jembe lake, na mvua ilikuwa karibu. "Aliyekubali amekubali," akasema. "Mnatafuta nini tena?"

"Natafuta kilichowaua," bwana mifugo akamjibu. "Kama ni dawa ya kabichi, sawa. Kama si hiyo, hao uliowafungia zizini nao watakufa, na huyu mzee atakuwa gerezani, na hutakuwa na wa kumlaumu. Niruhusu nimpasue mmoja."

Mabula akatangulia kutoka.

Sitawaeleza yote ya kumpasua ng'ombe. Bwana mifugo alifungua tumbo kubwa, akachambua. Nilitegemea kuona kabichi. Hapakuwa na kabichi. Palikuwa na mabua makavu, na katikati yake majani mororo yaliyotafunwa nusu nusu. Akanyoosha kiganja chake kwangu. "Hii ni kazi yako, Bibi Miti."

Niliomba beseni la maji nikayaosha. Yalikuwa vijani vidogo vya mviringo. Kipande kimoja tu kilikuwa bado na kikonyo chake, na juu yake vijani vilikaa kwa kupishana, kimoja kushoto, kingine mbele kidogo kulia. Hilo liliondoa miti mingi ya msitu ule, maana myombo, mtundu na ndugu zao vijani vyao hukaa viwili viwili vikitazamana. Ikabaki michache, na mmoja wake ni wa kuogopwa.

Mabula akachungulia beseni. "Huo ni mkalati, mayu," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na hata katika hasira yake hakuacha kuniita hivyo. "Kwetu umejaa. Ng'ombe wanapita chini yake tangu babu zetu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mkalati una majani ya namna hiyo. Lakini upo mti mwingine unaofanana nao kama pacha, nao ni mwavi. Wazee zamani walikuwa wakimwekea mtuhumiwa gome la mwavi kwenye maji anywe: akitapika hana hatia, akifa basi alikuwa nayo. Majani yake machanga ni sumu kali kwa mifugo. Njia ya haraka ya kuwatenganisha pacha hao ni ncha ya tawi changa. Ya mkalati imevaa manyoya ya rangi ya kutu, laini, kama pua ya ndama. Ya mwavi haina vazi hilo. Lakini ncha yangu ilikuwa imetafunwa. Nilikuwa na vijani na kikonyo, na watu wote wananiangalia mdomo.

Nataka mnielewe hapa. Nikisema mwavi na kumbe ni mkalati, nimemwachia mtu aliyeua na nimewarudisha ng'ombe waliobaki kwenye hatari. Nikisema mkalati na kumbe ni mwavi, nimemfunga asiye na kosa. Nikasema, "Sijui bado. Nionyesheni walikolishwa."

Mabula alilaza fimbo yake chini. Akatazama sare yangu ya kijani kutoka kola mpaka viatu. Ndipo nikaelewa. Ng'ombe walikuwa wamelishwa ndani ya msitu wa hifadhi wa kijiji, ambako hawaruhusiwi, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa msitu.

"Nikikupeleka utanishtaki?" akauliza.

"Leo sitafuti mtu, Mabula. Natafuta mti."

Mabula akaokota fimbo yake, tukapanda kuelekea msituni.

Tulifika mahali ambapo wachoma mkaa walikuwa wamekata miti msimu uliopita. Kote kumeungua, kumekuwa kweusi, isipokuwa visiki. Visiki vilikuwa vimechipua, vichipukizi vya kijani vimefika magotini. Katika ukavu ule palionekana kama bustani. Kwato zilikuwa kila mahali, na vichipukizi vingi vimekatwa na meno. Niliinama, nikaangalia ncha moja baada ya nyingine. Hakuna rangi ya kutu. Bwana mifugo akasema, "Si basi, tumeshaupata?"

"Bado."

Kisiki hudanganya, vijana. Mti ukikatwa hurudi na majani makubwa kuliko ya kawaida, wakati mwingine na manyoya ambayo mti mzima hauna. Usimtambue mtu siku aliyotoka kupigwa. Nikaanza kutafuta mti mzima wa aina hiyohiyo, na juu kidogo ya mteremko nikauona mmoja uliosalimika, gome lake jeusi limepasuka vipande vya pembe nne. Chini yake kulikuwa na maganda ya mwaka uliopita, mapana, magumu kama mti.

Sikuokota mimi. Aliyeokota ni Mabula. Aliligeuza ganda, akalivunja kwa vidole gumba, akatoa punje moja. Akatoa ya pili. Ya tatu. Akaendelea kulitazama ganda kama linalomwambia neno.

"Tulipokuwa watoto machungani tulikuwa tukirusha maganda ya mkalati," akasema polepole. "Ni mepesi, yanaruka na upepo. Yana punje moja. Moja tu." Akaziweka zile punje kiganjani mwangu. "Huu si wa kwetu."

"Ni mwavi," nikasema. Sasa niliweza kusema.

Akakaa chini pale pale kwenye majivu. Bwana mifugo alitaka kumshika bega, nikamzuia kwa macho. "Niliwaleta mwenyewe," Mabula akasema. "Niliona kijani, nikafurahi. Nikawapigia mluzi waje."

Tuliporudi ofisini niliandaa maneno ya kueleza, lakini Mabula alinipita mlangoni. Akaweka ganda mezani mbele ya mwenyekiti. "Mzee hakuua ng'ombe wangu," akasema. "Yaliyoua ni majani. Nami niliwalisha nisikoruhusiwa. Basi."

Kelele zikazuka, za ndugu zake na za wanakijiji. Mwenyekiti akazinyamazisha, akamgeukia Gaudensi. "Sasa wewe mzee, kwa nini ulisema ni wewe?"

Nilitegemea mzee ashukuru Mungu, apige ishara ya msalaba. Hakufanya hivyo. Alikuwa akimwangalia mkewe pale dirishani, kwa sura ya mtu aliyeamshwa ghafla.

"Kwa hiyo si wewe?" akamuuliza.

Mama Skola akashusha kanga mdomoni. "Mimi?"

"Nilikuona na pampu ya dawa. Jioni ile ya kabichi. Ulikuwa unakwenda nayo nyuma ya nyumba, unajificha."

"Nilikuwa naificha!" mama akapaza sauti. "Naificha wewe usiione! Ulisimama njia panda ukasema hawatatoka wazima, watu wote wamesikia. Nikasema huyu na hasira zake atakwenda kufanya kweli. Na leo uliposema ni wewe, nikajua umeipata."

"Ulidhani ni mimi?"

"Na wewe ulidhani ni mimi?"

Kisha mtu fulani nyuma akacheka kidogo, akajikohoza. Mama Skola akaanza kulia na kumfokea mumewe kwa Kifipa, na mumewe akawa anaitikia kila neno, "Ee. Ee."

Mabula alisubiri wamalize. "Mzee," akasema, "ungekwenda jela kwa ng'ombe ambao hukuwagusa?"

"Nisingekwenda kwa ajili ya ng'ombe," Gaudensi akamjibu.

Sitawadanganya kwamba wale wawili waligeuka marafiki. Maksai walikuwa wamekufa, na msimu ule Mabula alilima kwa jembe la mkono, eneo dogo, na mkewe alinililia siku moja kitaluni. Kabichi nazo hazikusimama tena. Watu walitaka nyama, bwana mifugo akakataa katakata, ikabidi shimo lichimbwe katika ardhi ya kiangazi iliyokuwa ngumu kama sakafu. Gaudensi alikuja na sururu yake bila kuitwa, akachimba upande wake, Mabula upande wake, na sikuwasikia wakisemezana zaidi ya "sogea" na "shika hapa." Mimi niliwachukua wachungaji wa kijiji kile, wa kabila zote, tukapanda tena kwenye visiki. Kila mmoja alishika jani la mwavi, akalinusa, akavunja ganda akahesabu punje. Hilo la kulishia ndani ya hifadhi tulilizungumza baadaye, na tulilizungumza kwa ukali, maana sare ni sare.

Mnaniuliza mara kwa mara kwa nini mtu apoteze maisha yake akijifunza tofauti ya jani na jani. Sina jibu la kitaalamu. Nawaambia nilichokiona alasiri ile nikiwa nimepanda nyuma ya pikipiki, tukiondoka. Tuliwapita Gaudensi na Mama Skola wakirudi kwao bondeni. Huku kwetu mnajua wazee wanavyotembea, baba mbele, mama nyuma, na kile kinjia ni chembamba, kimekatwa na miguu ya mtu mmoja mmoja. Wao walikuwa wakitembea sambamba. Hawakutoshea. Mmoja ilimbidi akanyage nje, kwenye visiki vya nyasi zilizoungua vinavyochoma miguu, na nilipogeuka kuwatazama niliona wanapokezana: mara mzee anakwenda kwenye nyasi, mara mama, na hakuna aliyekubali kurudi nyuma.